Injini ya Kuazima

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi kwa saa ya kinyozi wa Buzebazeba, Kigoma, ambayo hutangulia kidogo. Basi tuseme saa mbili na dakika kumi. Nassib aliketi kijiweni akimngoja afisa wa bima, kahawa ikimpolea mkononi. Boti yake ya uvuvi ilikuwa imezama kwa dhoruba wiki iliyopita. Watu walitoka salama, lakini injini iliyozama haikuwa yake: yake ilikuwa kwa fundi, akaazima ya Japhet. Bima iliitaja boti, ikaitaja injini ya Nassib. Ya Japhet haikutajwa. Na Japhet alikuwa ameketi ubavuni pake.

— Ingekuwa Burundi umeshalipwa, alisema Urbanus, aitwaye Balozi kwa kuwa aliwahi kuuza dagaa Bujumbura. Kule bima inafuata maji. Kilicholowa, kinalipwa.

— Acha fiksi, Balozi, alijibu Gasper, waliyemwita Redio. Zambia ndiyo kiboko. Mpulungu ukiazima hata kasia, lina bima.

— Mpulungu ulifika lini?

— Shemeji yangu alifika.

— Ego, ndiyo, alisema Balozi. Basi Kongo imewazidi wote. Kampuni inatuma mzamiaji, injini inaibuliwa. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Na mzamiaji mwenyewe ana bima?

— Anayo. Ya kuliwa na mamba.

Walicheka. Nassib hakucheka.

— Mimi nimekata ya hapa, alisema.

— Ya hapa bado changa, bwana, alisema Redio. Mtoto umleavyo.

Bodaboda ilisimama. Akashuka Catherine, afisa wa bima aliyehamishiwa Kigoma kutoka Singida, akawaamkia wote, akaelezwa yote, mpaka mamba.

— Boti italipwa, alisema. Injini ya Japhet haimo. Lakini ninyi wenyewe, mlipoazimana, mlikubaliana nani atabeba hasara ikizama?

Hawakuwa wamekubaliana. Ufukweni hapa, kutaja kuzama wakati wa kuazimana ni uchuro. Atajaye hurudi mikono mitupu. Balozi alitafuta nchi nyingine ya kuitaja, asiipate.

Wapo wasimuliao, hasa kule mtaa wa Gungu, kwamba Japhet alifoka. Si kweli. Wengine husema Nassib aliapa kulipa. Hakuapa. Aliondoka bila kuaga, akarudi kutoka kwa fundi na injini yake begani, akaiweka miguuni pa Japhet. Na wasemao Japhet aliichukua, hao nao hawakuwapo. Japhet alimuuliza Nassib, kwa sauti ya chini, akiitoa hiyo yeye mwenyewe atavulia nini. Na hadi birika la kahawa linakauka injini ilikuwa pale pale, kila mtu akiikwepa kwa mguu.