Kamba ya Papa Isidore Uyirwoth, 1952–2025

Papa Isidore Uyirwoth alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika kijiji kimoja karibu na Mahagi, mtoto wa pili wa wakulima wa muhogo na kahawa. Alibatizwa siku ileile, kwa kuwa alizaliwa dhaifu na padri hakutaka kubahatisha. Waliotabiri kwamba hatamaliza mwezi, aliwazika yeye mwenyewe, mmoja mmoja.

Masomo ya msingi aliyapata kwenye shule ya parokia. Sekondari aliiacha akiwa mwaka wa tatu, 1969, baba yake alipofariki. Walimu walimsikitikia, yeye hakujisikitikia sana, kwa maana alikuwa amekwisha kuupenda moshi wa malori yaliyopita Mahagi kwenda Uganda. Kuanzia 1975 hadi 2017 alikuwa dereva wa lori kati ya Bunia na Mahagi. Wakati wa vita alipakia watu pale Fataki, akawaketisha juu ya magunia bila kuuliza mtu ni wa kabila gani. Baadhi yao wako hapa leo, na wanalia kuliko hata ndugu wa damu.

Tarehe 6 Agosti 1977, huko Mahagi, alifunga ndoa na Agathe Mungujakisa. Mungu aliwapa Solange, Firmin na Davy, na tangu hapo wakaitana Papa Solange na Mama Solange hadi mwisho. Mke wa dereva kazi yake ni kungoja. Kila alipowasha lori, Papa alimwambia, "Siku moja tutatembea siye wawili, bila muzigo." Mama alijibu, "Ni sawa," akaendelea kuchambua maharagwe.

Siku hiyo ilifika Julai 2023. Solange, aliyeolewa Mbale, Uganda, aliwaalika waende kuona maporomoko ya Sipi, ambako maji huanguka kutoka kwenye magenge na wageni huteremshwa kwa kamba, eti kwa kujifurahisha. Hapa kwetu Bunia mzee hasafiri ila kwa matanga au kwa hospitali. Jirani yao, Mama Bijou, alipowaona wanatoka na sanduku aliwakimbilia na sukari ya rambirambi mkononi.

"Pole, jamani. Munaenda kwa matanga ya nani?"

"Hakuna mufu, Mama Bijou," Papa akamjibu. "Tunaenda kucheza."

Mama Bijou alirudi na sukari yake akitikisa kichwa. Juzi ameileta tena, na safari hii hakuuliza kitu.

Huko Sipi wazee hao walitambaa ndani ya pango nyuma ya maporomoko, wakavuka kijito juu ya gogo wakishikana mikono. Kisha wakafika kwenye kamba. Mama, ambaye hakuwahi kuvaa suruali maishani mwake, alivaa ile ya suti ya mumewe na kukaza mkanda. Papa aliwasihi vijana wanaoongoza wageni mpaka wakamruhusu kushika mwisho wa kamba, nyuma yao.

"Shuka mbele, Mama Solange. Miye nashika."

"Na kama unaniachilia?"

"Nikuachilie, kiisha nani atanipikia?"

Mama akashuka akicheka na kulia pamoja, magoti yakikwaruza mawe. Alipofika chini akaita, "Papa Solange, shuka sasa! Ni muzuri!" Papa akachungulia. Dereva aliyeteremka vilima vyote vya Djugu na mzigo mgongoni, alirudi nyuma hatua mbili. Akavuliwa mikanda ya kushukia, akazunguka kwa njia ya miguu, ile ya mbuzi, na alipomkuta mkewe alisema neno moja tu: "Usiambie batoto." Tangu siku hiyo alimsimulia kila mgeni jinsi alivyoshuka, na kila mara genge lilirefuka. Mama alikuwa akitazama ndani ya sufuria.

Mwezi wa Februari 2025 figo zilianza kumsumbua. Alilazwa hapa Bunia, akatoka, akalazwa tena, na mkewe hakuondoka kando yake. Septemba aliwaita watoto, akakiri: "Ile kamba sikushuka. Niliogopa. Siku yangu museme kweli: ni mama yenu ndiye alishuka." Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Aliaga dunia Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Nyumba imebaki kubwa mno. Inauma, na hakuna namna nyingine ya kuliandika jambo hili.

Katika ukoo wake, mjane hukaa mkekani, mbali na kaburi, mpaka shimo limalize kufukiwa. Jana Mama Agathe alimwendea Papa Ambroise, mdogo wa marehemu, akamwambia kwamba anataka kushika kamba ya kuteremshia jeneza.

"Shemeji, haiwezekane," akasema Papa Ambroise. "Tangu babu zetu, mujane hakaribiaka shimo."

"Shemeji, Isidore hajashuka na kamba hata siku moja. Anaogopa. Yangu, yeye ndiye alishika. Ya kwake nani atamushikia?"

Papa Ambroise akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Utashika," akasema. "Miye nitasimama nyuma yako."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wakwe, wajukuu tisa, mdogo wake Ambroise, na watu wengi wa barabara ya Mahagi ambao hatukuwajua hadi wiki hii. Amevalishwa suti yake ya zamani. Watoto walitaka kumnunulia mpya, Mama akakataa. Suruali ina mikwaruzo magotini.

Sasa Mama Agathe anainuka kutoka mkekani. Wenye kushika upande wa pili, mwende naye taratibu, ni mara ya kwanza ya Papa.

Shuka polepole, Papa Solange. Kamba imeshikwa. Pumzika kwa amani.