Maisha ya Agronome Augustin Ukumu, na Ukweli Juu ya Chupa Zake

Kabla ya kusema Augustin Ukumu alizaliwa wapi, ni lazima kusema hakuuawa na nini. Hakuuawa na chupa zake. Hakurogwa, hakuroga mtu, wala hakufuga uozo nyumbani ili ule miguu ya majirani, kisha ukamgeukia mwenyewe. Maneno ya namna hiyo yametembea Bunia mwaka mzima, yakivuka vizuizi vya askari ambapo hata gunia la chumvi halivuki. Walioyabeba wako hapa mazikoni leo. Wamevaa vitenge vya heshima, na baadhi yao wamechagua viti vya mbele.

Jumamosi asubuhi, siku iliyofuata kifo, wajumbe watatu wa Shirika, jumuiya ya kanisa ya mtaa wetu, walifika kwa mjane, Mama Émilienne, mama yake Gauthier. Kila mtu anajua kwamba kwetu ni Shirika linalochimba kaburi na kubeba sanduku. Mkubwa wao, Papa Vital, alikataa kiti, akaanza kwa upole wa mtu anayeuza samaki wa juzi.

“Mama Gauthier, siye hatuna ubaya na marehemu. Lakini batu banaongea. Uandike mu wasifu sentensi moja tu, kwamba alijuta juu ya zile machupa. Tutazichoma, na vijana batabeba sanduku.”

“Na nisipoandika?”

“Vijana banaogopa, Mama. Banasema muguu yake ilioza juu ya ile uozo alikuwa anachunga.”

“Na weye, Papa Vital, unaogopa?”

“Mi niko mukristu.”

“Sikukuuliza dini.”

Mama Émilienne aliwaambia atafikiri. Amefikiri, na jibu lake ni wasifu huu. Fiacre, mdogo wa marehemu, amekubali kuusoma wote bila kuruka mstari.

Augustin alizaliwa Irumu tarehe 3 Machi 1946. Baba yake, mzee Alphonse Ukumu, alitoka Mahagi, akawa karani katika ghala la kahawa. Mama yake, Suzanne, alikuwa mkulima. Mama huyo hakufungua shamba jipya la maharagi bila kwanza kubeba kichwani kikapu cha udongo kutoka shamba la zamani lililozaa vizuri, akaumwaga katika mashimo ya kupandia. Ukimwuliza sababu alijibu kwamba udongo nao unahitaji wenyeji wa kumpokea mgeni. Wale wanaosema Augustin alifundishwa na wachawi wajue basi kwamba mchawi wa kwanza alikuwa mwanamke aliyesali rozari kila jioni na kulea yatima wawili wa jirani. Wao wamelea nani?

Alisoma shule ya msingi Irumu, na sekondari Bunia. Maasi ya mwaka 1964 yalimsimamisha masomo, akarudi darasani amani iliporudi. Mwaka 1968 alikwenda Yangambi kusomea kilimo, akatoka huko mwaka 1973 akiwa agronome kamili, yaani mtaalamu wa kilimo, na kazi yake ya mwisho ilikuwa juu ya mizizi ya maharagi. Huko ndiko alikoelewa kikapu cha mama yake. Katika udongo mzuri wanaishi bakteria wanaoingia katika mzizi wa haragi, wakaujengea vivimbe vidogo na kuulisha kutoka hewani. Wapo pia kuvu wenye nyuzi nyembamba kuliko nywele, wanaokwenda mbali kuliko mizizi na kuuletea mmea chakula. Wengine ni walinzi, wanawala kuvu wabaya wanaoozesha mizizi. Mambo haya yanafundishwa mchana, kwa chaki, mbele ya watu. Hakuna aliyelala makaburini ili kuyajua.

Alifanya kazi katika Idara ya Kilimo hapa Bunia kuanzia mwaka 1974. Mishahara ilipokatika hakuacha kazi. Alizunguka Irumu na Djugu kwa baiskeli, na alikuwa na tabia ya kung’oa mmea mmoja popote alipofika, bila kuomba ruhusa, ili aangalie mizizi. Tabia hiyo nusura imharibie ndoa. Mwaka 1976 alifika kwa wakwe kujitambulisha, amevaa suti ya kuazima. Wazee wakiwa bado wanasalimiana, yeye alitoka nje, akang’oa haragi moja, akapasua kivimbe cha mzizi kwa ukucha, akarudi sebuleni na udongo mikononi.

“Baba mukwe, angalia. Ndani iko nyekundu kama nyama. Hii mizizi iko inakula vizuri.”

Baba mkwe aliinama, akakitazama kivimbe. “Siye tulifikiri umekuja juu ya binti,” alisema. “Kumbe unataka kuoa shamba.”

“Naomba vyote viwili, baba.”

Walifunga ndoa tarehe 17 Julai 1976, na wakajaliwa watoto watatu. Mama Émilienne alikuwa tayari mwalimu wa biolojia wa sekondari, na jambo hili linatajwa kwa sababu maalumu. Wapo wanaosema mke alidanganywa, hakujua kilichokuwa ndani ya chupa. Alijua. Alijua kuliko wanavyojua wao kilichomo katika sufuria zao.

Sasa tuje kwenye chupa. Vita vilipoanza mwaka 1999, familia za Djugu zilikimbilia pembeni ya mji, zikalima kila kipande kilichobaki wazi. Zilipanda haragi juu ya haragi, msimu baada ya msimu, maana hakukuwa na ardhi nyingine. Mwaka 2001 mimea ikawa ya manjano na kulala chini kabla ya kutoa ua. Ukiivuta, inatoka bila mizizi, shina limegeuka kahawia na kulainika kama ndizi iliyolala. Watu walilaumu mbegu, kisha wakalaumiana. Katika miaka ile lawama kati ya majirani haikuwa mchezo. Augustin aliangalia mizizi na kusema, “Hakuna mutu amefanya hii. Ni udongo umechoka. Balinzi yake bamekufa.”

Aliwatafuta walinzi hao kando ya msitu, chini ya mimea iliyokuwa na afya. Ili kuwazidisha alihitaji chakula chao, na chakula chao ni wali. Alichukua chenga za mchele zilizofagiwa sakafuni mwa depo, zenye mchanga, ambazo hata kuku walizidonoa kwa kuchagua. Alizipika zikabaki kavu, akazitia katika chupa zilizochemshwa, akaweka mbegu kidogo ya ule ukungu mlinzi, akafunga mdomo kwa pamba. Baada ya siku chache wali ule uliota ukungu wa kijani. Aliukausha kivulini, akausaga, akauchanganya na samadi iliyoiva, na mkulima akatia ngumi moja katika kila shimo. Mbegu zenyewe alizipaka udongo wa shamba zuri kwa uji mwepesi wa muhogo, kama kikapu cha mama yake kilivyofundisha. Hakuwahi kusema ni muujiza. Yalikuwepo mashamba yenye maji mengi ambayo hayakupona, naye aliwaambia wenyewe wazi. Lakini mengi yalipona, na watu walikula.

Walichoona majirani kupitia ua ni mwanaume anayepika wali wakati wa njaa na kuuacha uoze. Ni kweli, ukiwa na njaa, jambo hilo linauma. Mtu mwenye akili angegonga mlango na kuuliza. Mlango ulikuwa wazi. Augustin angemweleza kwa saa mbili na kumchosha, kama alivyotuchosha sote. Wao waliona rahisi zaidi kusema analisha mashetani, na watoto wetu wakaanza kuitwa watoto wa mulozi njiani kwenda shule. Katika mji ambapo watu wanauawa kwa neno moja, neno hilo lilirushwa kama maganda ya ndizi.

Ugonjwa wake uliitwa kisukari. Aligunduliwa nao mwaka 1995 na aliishi nao kwa nidhamu, akipata dawa zilizovuka ziwa na kupandishwa kutoka bandari ya Kasenyi. Mwaka jana njia hiyo ilifungwa na dawa zikakatika. Mwezi wa Desemba jiwe lilimkata kisigino. Kidonda cha mwenye kisukari asiye na dawa hakiponi, na daktari aliyemwona alieleza hivyo mbele ya mashahidi. Ukungu wa kijani unaokula kuvu wa udongo hauli kisigino cha mtu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu akikosea hapo, Mama Émilienne humpa sifuri. Augustin alifariki hospitalini Bunia, Ijumaa tarehe 21 Februari 2003, saa kumi alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake.

Ameacha mke, Mama Émilienne. Watoto Gauthier, Nadège na Estelle. Mjukuu mmoja, Lionel. Na mdogo wake Fiacre. Mungu ampokee na kumpa pumziko alilokosa miaka hii minne.

Sentensi iliyoombwa haimo humu. Augustin hakujuta, kwa hiyo haitaandikwa kwamba alijuta. Chupa hazitachomwa, msimu wa mvua unaanza mwezi ujao na Nadège atawapa wakulima kama kawaida. Kuhusu sanduku, Shirika lisijisumbue. Tangu asubuhi wanaume wa Djugu wamekaa nyuma ya nyumba na majembe yao, na kaburi wamekwisha kulichimba.

Imebaki neno moja. Wapo waliomwita mulozi mchana barabarani, na jioni wakapita ua wa nyuma, kitenge kimefunika uso, wengine wamevua kofia. “Agronome, utupe kidogo ya ile unga, lakini batu basijue.” Aliwapa wote. Mashamba yao yalipona, na maharagi yao tuliyaona sokoni. Kabla ya kufa alimwomba mke wake asiwataje, maana aliwahurumia. Mke wake hawahurumii, lakini aliahidi. Wajumbe wa juzi walipotoka, mmoja alibaki nyuma mlangoni kuuliza kwa sauti ndogo kama marehemu aliacha majina. Alijibiwa kwa kufungiwa mlango. Leo anajibiwa kwa sauti: mjane anawajua wote, hatamtaja hata mmoja, na hatazungumza tena juu ya jambo hili na mtu yeyote.