Mama Mikia na Sentensi Zake za Kweli

Ndugu, jamaa na majirani mliojaa hapa mpaka tumeazima viti vya shule, familia inawashukuru kwa kufika kumsindikiza mpendwa wetu, na kabla hajaondoka mbele yetu tunaomba mmsikilize alivyoishi, bila chumvi wala sukari, maana yeye mwenyewe hakupenda kusemewa uongo, hata ule wa kusifiwa.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 11 Juni 1952, saa moja asubuhi, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake aliyekuwa fundi saa, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, nyuma ya dada yake aliyemzidi miaka minne, na kwa kuwa siku hiyo saa zote za dukani zilikuwa mbovu zikisubiri kutengenezwa, hiyo saa moja ni ya kukisia, lakini tarehe ni ya hakika.

Alianza shule ya msingi Januari 1960 na kumaliza Novemba 1966, akasoma sekondari miaka miwili hadi Desemba 1968, macho ya baba yalipochoka na duka likafungwa, akatoka shuleni na Kiingereza kilichopigwa pasi, kizito cha vitabuni, kiasi kwamba nyumbani hakuzima taa bila kwanza kuiomba ruhusa kwa maneno manne marefu, na dada yake, ambaye shule ilimshinda mapema, alikuwa akimwambia, "Mdogo wangu, zima tulale, taa haijasoma."

Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa katika hoteli ya ghorofa nne inayotazamana na stesheni ya treni, kwenye chumba cha kufulia kilichoko chini kabisa, ambako madirisha yanaonyesha viatu vya wapita njia tu, akafua na kupiga pasi mashuka kwa miaka ishirini na mitatu, na humo ndimo alimokutana na mumewe, fundi bomba wa hoteli, aliyeletwa kuziba bomba linalovuja, akaliziba siku ya kwanza, kisha akaendelea kulitafuta kwa wiki tatu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1978, ambaye leo ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1981, ambaye ni dereva wa lori.

Sasa tufike pale mnapopasubiri. Marehemu alitamani kutoka kule chini apande juu, akae mapokezi, mahali penye dirisha la kuonyesha watu wazima wazima, lakini kila alipopanda kupeleka mashuka aliwasikia wageni wakizungumza Kiingereza asichokijua, maneno mafupi mafupi ya kila siku, kitenzi kidogo kimevutwa mkia nyuma, *look after* ni kutunza, *look for* ni kutafuta, *look into* ni kuchunguza, mnyama yuleyule, ukimbadilisha mkia amekuwa mwingine. Sisi kitenzi chetu tunakinenepesha tumboni, piga, pigia, pigana, wenzetu wanakifungia kitu nyuma, na ndiyo maana Januari 1992 alipojiandikisha katika darasa la jioni, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la mikate, akaja na daftari lenye vitenzi mia moja na ishirini vya namna hiyo, mtaa mzima ukambatiza Mama Mikia.

Mwalimu wa darasa lile aliwapa sharti moja, kwamba neno si lako mpaka ulitumie katika sentensi ya kawaida kwa watu watatu kabla jua halijazama, ndipo uliwekee alama ya vema, lakini marehemu akaongeza sharti lake mwenyewe, kwamba sentensi lazima iwe ya kweli, na hapo ndipo majirani mlipoanza kupata taabu. Siku ya *run out of*, yaani kuishiwa, alikuwa na kopo la chumvi nusu, basi akapita mlango kwa mlango akiigawa, mkapokea chumvi ambayo hamkuiomba, mpaka kopo likalia tupu, akatangaza kwa furaha kwamba ameishiwa, na jioni akarudi mlango wa kwanza kuomba ya kupikia. Siku ya *give up*, yaani kuacha jambo, alikataa katakata kuacha la kwake, akamtazama mumewe aliyekuwa akivuta sigara kwenye ngazi, mumewe akalalamika, "Unataka kuniua kwa ajili ya daftari?" naye akamjibu, "Sigara ndiyo inayokuua, daftari linaandika tu," na tangu siku hiyo, tarehe 2 Septemba 1993, fundi bomba hakuvuta tena, yupo hapa mstari wa mbele, mapafu yake ni mashahidi.

Neno la themanini na saba lilikuwa *make up with*, yaani kupatana na mtu mliyegombana, akaliruka, kwa sababu wakati ule hakuwa na ugomvi na kiumbe yeyote.

Ugomvi ulikuja wenyewe. Ijumaa tarehe 11 Februari 1994 alifanya usaili wa mapokezi akashindwa, ulimi ulikauka mbele ya mameneja watatu, akamwambia mtu mmoja tu duniani, dada yake, akimshika mikono na kumsihi lisitoke, na Jumamosi dada yake akaenda saluni kusuka, na mnajua wenyewe kichwa kikishikwa mdomo hufunguka, ilipofika saa kumi jioni mfamasia, kinyozi na mshona viatu walikuwa wamekwisha kumpa marehemu pole, tena mshona viatu alimpa pole kama ya msiba. Marehemu hakupiga kelele, alinyamaza, na kunyamaza kwake kulidumu miaka kumi na minane, ndugu wa tumbo moja wanaoishi mitaa mitatu tu mbali, wakikutana katika meza za harusi na kuagizana kwa watoto, "Mwambie huyo anisogezee maji."

Jumatatu tarehe 21 Novemba 1994 alirudia usaili akafaulu, akakaa mapokezi kuanzia tarehe 2 Januari 1995 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2012, daftari likiwa na alama mia moja na kumi na tisa, na wenzake walipomwambia, "Si uweke tu hiyo moja, nani atajua?" alijibu, "Nitajua mimi, na mimi ndiye ninayelala nami kitanda kimoja."

Alipostaafu akagundua kwamba ana mambo ya karibu miaka kumi na minane ya wageni wa hoteli, nani aliingia na nani na akatoka na nani, na hana wa kumsimulia, kwani fundi bomba ukimpa umbea anauliza unavuja wapi. Jumapili tarehe 7 Oktoba 2012, saa nne asubuhi, alibeba daftari akaenda kugonga mlango wa dada yake, aliyetoka na mikono ya unga, akamtazama toka utosini hadi kwenye kandambili, akauliza, "Umepotea njia?" Marehemu, kwa kuwa alikuwa mkweli kupita kiasi, akasema amekuja kwa ajili ya neno la themanini na saba, na dada yake akawaka, "Kumbe mimi ni zoezi!" akabamiza mlango, unga ukaruka hadi barazani.

Hapo angeweza kuondoka, na huenda tungekuwa tunasoma historia fupi zaidi, lakini aliketi kwenye ngazi, akaliweka daftari chini, akasema kwa sauti ya kufika dirishani, "Dada, zoezi lilikwisha zamani, kazi niliipata, nimeshastaafu, daftari ni kisingizio, nimekosa mtu wa kucheka naye." Dirisha likafunguka kidogo, ikatoka sauti, "Lakini mimi nilimwambia mtu mmoja tu." Marehemu akajibu, "Ndiyo, mmoja mmoja," na walioko jirani wanasema kicheko kilichofuata kiliwaamsha waliokuwa bado wamelala, na mlango haukufungwa tena.

Kwa sharti la watu watatu dada yake ndiye aliyemwongoza, mkono kwa mkono, hadi kwa mfamasia, kinyozi na msusi wa saluni, akamsimamia aseme Kiingereza chake, naye akatafsiri kwa sauti kubwa ambayo haikuombwa, na jua lilipozama habari ya kupatana ilikuwa imewafikia watu thelathini na wanane, maana ile ya kufeli iliishia kwa mshona viatu, hii ilivuka reli.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Machi 2019, akatibiwa hospitali kuu ya mji, akalazwa tarehe 20 Januari 2020, na dada yake alifika kila siku saa tatu asubuhi na chai na habari mpya. Jumanne tarehe 4 Februari 2020, saa nne na dakika kumi, alikuwa akisimuliwa jinsi kinyozi alivyokwenda kuposa akiwa amevaa soksi mbili za rangi tofauti, akacheka, akafumba macho kama mtu anayetaka kusikiliza vizuri zaidi, na hakuyafumbua tena. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliovumilia kelele zetu, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa hoteli, wa chini na wa juu, na majirani wote, wakiwemo wanaotudai chumvi. Dada yake anashukuru kwa miaka saba na miezi minne kasoro siku tatu, na ameomba lisomwe hapa neno moja, kwa sababu kisa kilikatika na si adabu kumwacha mtu njiani.

Kinyozi alikubaliwa, mdogo wangu, yuko mstari wa nne na mchumba wake, na soksi leo zimefanana. Sasa pumzika, kwa amani yako yote.