Yuliana Augustine Chitanda, Aliyejifunza Ushairi Sokoni Mabibo

Yuliana Augustine Chitanda alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 katika kijiji cha Chiwale, Masasi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Augustine, mchonga vinyago, na marehemu mama Veronika.

Alisoma shule ya msingi kijijini hapo kuanzia 1984 hadi 1990, akafaulu na kuchaguliwa kwenda sekondari. Wasichana waliochaguliwa mwaka ule walikuwa wawili tu. Kaka yake mkubwa, Kornelio, anayewasomea maneno haya, alikuwa karani wa ghala akiishi Temeke, na mkewe alikuwa amejifungua mapacha. Kornelio alimwandikia baba yao barua kwamba Yuliana aje Dar es Salaam, atasomea huku, shule za mjini ni nzuri zaidi. Yuliana alifika Januari 1991 na sanduku la bati lenye madaftari mapya. Shule hakupelekwa. Aliwalea mapacha hao, Benedikto na Editha, kwa miaka minane. Kila Januari aliuliza, na kila Januari aliambiwa asubiri watoto wakue. Mwaka wa nne aliacha kuuliza. Benedikto na Editha leo wana shahada zao, nao wamekaa hapa mbele.

Tarehe 26 Juni 1999 alifunga ndoa na Allen Mwaipaja, fundi seremala, wakahamia Mabibo. Walijaliwa watoto wawili, Lusungu na Wilfred. Allen alifariki mwaka 2012. Yuliana aliwalea watoto kwa kuuza nyanya na vitunguu sokoni Mabibo, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na mmoja.

Mwaka 2019 Hamida, mwanafunzi wa ualimu aliyekuwa akiishi hosteli za hapo Mabibo, alimkuta akisoma shairi kwenye kipande cha gazeti la kufungia vitunguu. Yuliana alimuuliza kwa nini mistari ile inalingana vile. Hamida akakaa juu ya tenga, akamweleza vina ni nini, mizani ni nini, na kwamba ubeti wa mishororo minne huitwa tarbia na wa mitatu tathlitha. Tangu siku hiyo alimfundisha karibu kila jioni. Yuliana alijaza madaftari tisa: tanzu za fasihi, tofauti ya ngano na visasili, utenzi na ngonjera. Siku moja mteja alimwambia, "Nyanya zako ni laini, mama punguza kidogo." Yuliana alihesabu kwa vidole, akacheka, akamwambia, "Nane kwa nane. Dada, umetunga mshororo." Akamwongezea nyanya mbili.

Alifaulu Mtihani wa Maarifa, ule wa kuwafungulia njia wasiopita sekondari, mwaka 2021, akajiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2023 kama mtahiniwa wa kujitegemea. Siku moja kabla ya mtihani wa Kiswahili, wageni wa posa ya Editha walifika kutoka Bukoba mapema kuliko walivyotarajiwa. Kornelio alimpigia simu aje Temeke kupika.

"Kaka, kesho asubuhi nina mtihani," Yuliana alisema.

"Mtihani wa mtu mzima si utakuwepo tena mwakani? Hawa wageni hawarudi mwakani."

Alikuja. Saa mbili asubuhi, wenzake wakifungua karatasi, yeye alikuwa anakoroga sufuria ya pilau uani, huku akisema kwa sauti ndogo, "Tashbihi, sitiari, tashihisi, mubalagha." Kornelio alimpita akadhani anasali.

Alijiandikisha tena mwaka 2024. Mwezi Mei alianza kuumwa tumbo na kutokwa damu, na Septemba akaambiwa ni saratani ya shingo ya kizazi, imeshasambaa. Mtihani wa Novemba ulimkuta wodini. Hamida, ambaye sasa ni mwalimu, alimletea karatasi ya maswali baada ya mtihani kwisha. Yuliana aliyajibu yote kwa mdomo, na Hamida anasema hakukosea hata moja. Majibu hayo hayakusahihishwa na yeyote mwenye mamlaka.

Katikati ya Januari alimwita Kornelio.

"Wasifu wangu uandike wewe," alisema. Kornelio alimwomba asizungumze mambo hayo. "Nisikilize. Ningeandika mie ingeitwa tawasifu, ila mkono hauna nguvu. Kwenye hadithi fupi unaruhusiwa kubuni. Kwenye wasifu huruhusiwi. Na ile barua uliyomwandikia baba uiweke."

Alifariki dunia Jumapili tarehe 2 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na binti yake, Lusungu.

Wapo katika ukoo walioomba baadhi ya aya zipunguzwe kwa kuwa msibani kuna wakwe. Hazikupunguzwa. Lusungu alipopewa maandishi haya jana, aliyasoma mara mbili, akasema, "Mjomba, umeandika ukweli. Sijakusamehe."

Marehemu ameacha watoto wawili, Lusungu na Wilfred. Mjukuu mmoja, Salma. Kaka mmoja, Kornelio. Benedikto na Editha aliowalea. Na mwalimu wake, Hamida.

Mungu ampe Yuliana pumziko na amani ambavyo sisi nduguze hatukumpa.