Bi Sindano na Shokapu za Mbele

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Bi Sindano, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali. Alikuwa wa tatu kati ya watoto saba. Baba yake alikuwa seremala wa hospitali hiyo, na mama yake alifua na kupiga pasi nguo za watu. Alipokuwa na miaka saba alipata gauni lake la kwanza ambalo halikuwahi kuvaliwa na dada zake. Siku ya tatu mama yake alimkuta sakafuni amelifumua lote, vipande amevipanga kimoja kimoja na nyuzi amezizungushia kijiti. Alipoulizwa kulikoni, alijibu, "Nilitaka kuona mikono inaingiaje." Alichapwa, kisha akapewa sindano alirudishe lilivyokuwa. Alilirudisha, ila mkono mmoja uligeuka nyuma mbele, na akalivaa hivyo hivyo mpaka likambana.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la nane mwaka 1966. Kwenye hesabu hakuwa na mpinzani. Kwenye kuimba, mwalimu wa muziki alimwomba kwa upole awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti, ombi ambalo alilitii maisha yake yote, hata kanisani. Miaka miwili iliyofuata alijifunza ushonaji katika chuo cha ufundi cha wasichana, akapata cheti chake Desemba 1968.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali ile ile aliyokulia mgongoni mwake. Alishona mashuka, mapazia na majoho ya upasuaji kwa miaka thelathini na saba. Jina lake la utani lilianzia hapo. Watoto waliosikia kwamba kuna Bi Sindano hospitalini walikimbia kabla hawajamwona, na wauguzi waliligeuza kuwa tishio: "Kunywa dawa, la sivyo namwita Bi Sindano." Yeye alisikitika sana. Alisema sindano yake haijamtoboa mtu hata siku moja, isipokuwa kidole chake mwenyewe.

Mumewe alikutana naye kazini. Alikuwa msoma mita za maji, na mita ya hospitali ilikuwa nyuma ya chumba cha ushonaji, penye waya uliokatika. Siku moja waya ule ulimchana suruali kuanzia goti hadi mfukoni. Bi Sindano alimwambia asimame nyuma ya pazia aipitishe suruali juu. Ikawa hivyo. Aliposhonewa na kuvaa, alitoka akasema, "Mama, hapa palipochanika pamekuwa pazuri kuliko pazima." Mwezi uliofuata mita ile ilisomwa mara nne. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Agosti 1973, wakajaliwa watoto watatu.

Bwana Mita, kama alivyojulikana, alizunguka kwa pikipiki kuukuu ya idara, na idara ilipopata mpya ile kuukuu ikawa yake. Aliipenda kama ndugu. Sasa, pikipiki ya namna ile gurudumu la mbele hushikwa na shokapu mbili, mfano wa miguu miwili. Ndani yake mna springi, oili na bomba la chuma linalopanda na kushuka, na juu kuna sili, yaani pete ya mpira inayoizuia oili isitoke. Mwaka 1984 sili ya upande wa kushoto ilianza kuvuja. Aliipeleka kwa fundi wa mtaani aliyeitwa Kiraka, akawekewa mpya. Baada ya siku tisa ikavuja tena. Aliporudi, Kiraka, aliyekuwa na kazi tele siku hiyo, alimwambia, "Oili kidogo haina neno. Futa na kitambaa, itakauka yenyewe."

Haikukauka. Jumanne tarehe 9 Oktoba 1984, kwenye mteremko wa tangi la maji, oili ilikuwa imeshafika kwenye breki ya mbele. Bwana Mita alishika breki, breki ikateleza. Alivunjika nyonga na mguu wa kulia, akalazwa wiki kumi na moja, umbali wa kuta mbili tu kutoka pale mkewe alipokuwa akishona.

Kiraka alikuja wodini siku ya sita. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, asiweze kuingia wala kuondoka. Mama mkwe wa marehemu, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, alisema kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "Huyu asikanyage hapa." Bwana Mita aligeukia ukutani. Bi Sindano aliinuka, akatoka naye ukumbini.

"Niambie ulichofanya," alimwambia.

"Shemeji, bomba lilikuwa na vidoa vya kutu. Niliviona. Nilitakiwa kuvisugua kwanza mpaka pawe laini, ndipo niweke sili. Sikuvisugua. Kutu imeikata sili mpya kama wembe."

"Na aliporudi?"

Kiraka aliikunja kofia yake mara mbili.

"Basi utakuja nyumbani Jumamosi," alisema Bi Sindano, "unifundishe kuifanya vizuri."

Mama mkwe aliposikia alifura. Alisema mtu akishaumwa na nyoka haendi kumwomba nyoka somo. Bi Sindano alimsikiliza mpaka mwisho, maana hakuwahi kumkatiza mkwewe, kisha akasema, "Mama, huyu anajua alipokosea. Fundi mwingine bado hajajua." Hilo lilizungumzwa katika familia kwa muda mrefu, na si wote waliokubaliana naye. Mama mkwe hakuitikia salamu za Kiraka kwa miaka mitatu.

Kiraka alikuja Jumamosi hiyo, na Jumamosi kumi na mbili zilizofuata. Hawakuwa na gereji. Walifanyia kazi kwenye korido ya nyumba, juu ya shuka kuukuu, pikipiki ikiwa imeinuliwa kwa kreti la soda na matofali mawili. Bi Sindano alifumua shokapu kama alivyowahi kufumua gauni: alifungua kifuniko cha juu taratibu huku akikikandamiza kwa kiganja, springi isimrukie usoni, akamwaga oili chafu, akalegeza nati ya chini, akalivuta bomba. Alipofika kwenye sili ya zamani, Kiraka alimpa bisibisi aing'oe. Yeye aliifunga kwanza bisibisi ile kitambaa, ili isikwaruze chuma. Kiraka alitazama, akasema, "Miaka kumi na minne nafanya kazi hii, sijawahi kufikiria kitambaa."

Wazo la mfuko pia lilikuwa lake. Ncha ya bomba ina makali, na sili mpya ikipita hapo mdomo wake huchanika bila mtu kuona. Bi Sindano alivika ncha ile kipande cha mfuko wa nailoni kilichopakwa oili, sili ikateleza juu yake kama kitufe kinavyopita kwenye tundu lake. Ili kuigongea ikae sawasawa alitumia kipande cha bomba la maji la plastiki, alicholetewa na wafanyakazi wenza wa mumewe. Oili mpya aliipima kwa kikombe cha dawa, kila mguu sawa na mwenziwe. Na alibadilisha sili zote mbili, ijapokuwa moja ilikuwa nzima. "Mtu hanunui kiatu cha mguu mmoja," alisema.

Wakati huo ndipo mchungaji alipokuja kumjulia hali mgonjwa, aliyekuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Alikaribishwa chai jikoni, akakuta springi mbili ndefu zimesimama kwenye kichanja cha vyombo, kati ya sahani na vikombe. Alizitazama muda mrefu, akauliza kwa adabu kama ni za kusagia nyama. Bwana Mita alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Lakini kupanda pikipiki alikataa. Alisema hata akiiona tu nyonga humuuma. Jumapili tarehe 3 Februari 1985, asubuhi, Bi Sindano, ambaye alikuwa amejifunza kuendesha kwenye uwanja wa shule kwa wiki tatu tu, alimwomba mumewe waende kwa miguu polepole hadi juu ya mteremko wa tangi la maji. Kiraka aliisukuma pikipiki nyuma yao. Hapo alimkalisha mumewe kwenye jiwe, akapanda, akateremka peke yake mpaka chini, akashika breki mara tatu njiani ambapo hapakuwa na haja ya kushika. Akageuza, akapanda tena hadi juu. 

"Umeogopa?" mumewe alimuuliza.

"Sana."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu nimeifunga mwenyewe. Nisipoipanda mimi, nani ataipanda?"

Bwana Mita aliinuka kwenye jiwe. Kisha akampa Kiraka fimbo yake aishike, akapanda nyuma ya mkewe, akarudishiwa. Walirudi nyumbani hivyo, na kwa miaka kumi na minane iliyofuata mji mzima uliwazoea hivyo: mke mbele, mume nyuma, fimbo imelazwa mapajani. Waliowacheka mwanzoni walichoka.

Habari zilienea. Watu wenye pikipiki za zamani, ambazo gereji kubwa zilikuwa hazizitaki tena, walianza kubisha hodi Jumamosi mchana. Sharti lake lilikuwa moja: yeye alifanya shokapu ya kwanza, mwenye pikipiki akafanya ya pili kwa mikono yake, mbele ya macho yake. Walikuwamo waashi, walimu, muuza magazeti, na daktari mmoja wa upasuaji ambaye alirudishwa mara mbili kwa kugonga sili upande. Aliyelalamika kwamba ni kazi ndefu aliambiwa, "Kaa kitako, hujachelewa popote." Na aliyemwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta alimjibu, "Mimi kujenga siwezi, ndiyo maana naziba." Kiraka alikuja mara nyingi, akakaa kwenye kigoda kando ya mlango, na kila mgeni alimwelezea mwenyewe habari za vidoa vya kutu na za Bwana Mita, bila kuficha neno. Marehemu hakuwahi kumtaka aeleze, wala hakumzuia.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2006. Bwana Mita alikuwa amemtangulia, tarehe 22 Novemba 2003, kwa ugonjwa wa moyo. Kwa mwaka mzima baada ya hapo hakuigusa pikipiki. Alisema mgongo wake unasikia baridi.

Mwaka 2016 alianza kuona mkono wa kulia unatetemeka bila yeye kuutuma. Madaktari walimweleza kwamba ni ugonjwa wa neva, hauponi, ila huweza kupunguzwa makali. Aliacha kushona mwaka 2018. Aliacha kuendesha mwaka uliofuata, akamkabidhi funguo binti yake mkubwa bila hotuba. Shokapu alizishikilia kwa muda zaidi. Wiki alizoshindwa kushika hata klipu ndogo inayobana sili, alilia, na alitaka tuseme hivyo leo, tusimfanye kuwa mtu ambaye hakulia.

Jumamosi tarehe 3 Juni 2023 alikuja mwalimu mstaafu na pikipiki ya umri wa miaka arobaini, akitoka mbali. Binti wa marehemu alimwambia mgeni kwamba mama hawezi tena. Kutoka ndani marehemu aliita, "Mlete." Alikalishwa kwenye kiti koridoni, mikono ameifunga ndani ya khanga, akafundisha kwa mdomo tu kuanzia nati ya kwanza. Safari hii mgeni alifanya miguu yote miwili. Ilichukua saa nne. Mwisho mwalimu alikandamiza usukani, pikipiki ikashuka na kupanda taratibu, bila tone la oili.

"Mama, niko sawa?" aliuliza.

"Shusha tena."

Akashusha. Marehemu aliinamisha kichwa akasikiliza.

"Nenda," alisema. "Na jirani yako ukimfanyia, mguu wa pili mwachie afanye mwenyewe."

Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 8 Juni 2023, saa mbili asubuhi, binti yake mdogo akiwa amemshika mikono yote miwili. Alikuwa na miaka sabini na miwili.

Ameacha watoto watatu, binti wawili na mwana mmoja, wakwe watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja, dada wawili na kaka mmoja, na shemeji yake Kiraka, mwenye miaka sabini na tisa, ambaye familia imemwomba aketi mstari wa mbele pamoja nasi.

Mama yetu, pumzika kwa amani, na mikono yako itulie.