Kipimo cha Tatu: Wasifu wa Mama Chaza

Marehemu mama yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Chaza, alizaliwa tarehe 17 Agosti 1962, mtoto wa tatu kati ya sita. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemzoeza kupima pindo upya kabla ya kushika mkasi.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1987 akahitimu shahada ya biolojia. Wajomba walitaka awe nesi. Alikataa, akasema anaogopa damu. Kumbe aliogopa ya watu tu. Ya chaza aliipima kwa miaka thelathini na tatu.

Januari 1989 aliajiriwa katika maabara ya viumbe wa majini, chumba cha chini chenye matangi kumi na mawili na harufu ya chumvi iliyomfuata hadi nyumbani. Alichunguza protini zinazoshika kalsiamu mwilini mwa chaza na kuifikisha kwenye ganda. “Kalsiamu ni kama watoto wa chekechea,” aliwaambia wanafunzi. “Isiposhikwa mkono inatawanyika, halafu ni balaa.” Hakuamini jibu lolote kabla ya kulipima mara tatu, katika wiki tatu tofauti. Alistaafu Agosti mwaka jana, lakini ufunguo wa maabara hakuurudisha.

Mume wake, fundi bomba, alikuja kutengeneza tangi la saba. Aliposhika msumeno, akaambiwa, “Pima tena.”

“Dada, kazi hii naifanya mwaka wa kumi.”

“Pima tena, kaka.”

Alipima. Angekata bomba pungufu kwa vidole viwili. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991, na baba hupenda kusema kwamba naye alipimwa mara tatu ndipo akakubaliwa.

Novemba mwaka jana mgongo ulianza kumsumbua. Tarehe 20 Februari 2023 daktari alimwambia kwamba kalsiamu katika damu yake ni 3.2, wakati kawaida haizidi 2.6, na kwamba kuna kitu kinakula mifupa. Alitaka alazwe papo hapo.

“Mashine yenu ilisawazishwa lini, mwanangu?” marehemu akamwuliza.

Bintiye wa mwisho, aliyekuwa amemsindikiza, alicheka. Wakarudi nyumbani.

Jumatatu tatu mfululizo marehemu alitolewa damu, akaipima mwenyewe kwenye mashine ya chaza, bintiye akiandika daftarini. 3.2. 3.2. 3.3. Namba ya tatu aliitazama sana, kisha akachukua kalamu mkononi mwa bintiye na kuifunika.

“Basi, mama,” marehemu alimwambia bintiye. “Mashine yao ni nzima.”

Alilazwa siku hiyo, tarehe 13 Machi. Ilikuwa saratani, nayo ilikwisha kuingia mifupani. Alifariki Jumapili, tarehe 4 Juni 2023, saa nne na robo asubuhi, mumewe amemshika mkono.

Bintiye alimwuliza daktari kama wiki zile tatu zingemwokoa. Daktari akasema hapana. Akauliza tena, hapana. Mara ya tatu hajathubutu kuuliza hadi leo.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, mkwe mmoja, wajukuu wawili, kaka mmoja na dada wawili, pamoja na wanafunzi ambao hadi leo hupima tena.

Pumzika kwa amani, mama. Jumatatu hii hatupimi.