Njia Ilikuwa na Mwenyewe

Ndugu zangu wa chama, mimi hakuna kitu cha kunishtua. Niliachia shule darasa la tano kule Ronge, nikashuka Voi na ndara zimeshonwa kwa waya. Nikavunja kokoto, nikauza kokoto, nikanunua lori la kubeba kokoto. Leo kuna watu wenye digrii wananilipa kodi ya nyumba. Sijivuni. Haya, najivuna kidogo, na kosa silioni.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha vizuri, dalali akanipeleka Marungu kuona shamba la ekari mbili. Majani yamefika kiunoni, bei ya kutupa. Nikamuuliza barabara iko wapi.

"Mzee, njia si hii hapa! Imepita katikati, na hulipii hata shilingi."

Kweli, njia pana, ngumu kama imeshindiliwa na tingatinga. Mimi ni mtu wa milimani, nikajua tu ni ya malori. Hati nikaikagua, ikawa safi.

Mke wangu amezaliwa huko tambarare. Nilipomweleza, hata hakuacha kuchambua mchicha wake.

"Hiyo njia umeuliza ni ya nani?"

"Njia ni ya kila mtu."

"Baba watoto, kwetu njia ina mwenyewe. Muulize mchunga mbuzi yeyote."

"Mimi na majumba yangu yote, niende kumuuliza mchunga mbuzi?"

"Haya. Kajenge."

Nikajenga. Vyumba sita vya kupangisha, mawe ya kuchonga, tangi la maji juu. Pesa nilikopa hapa chamani, na watatu kati yenu wakanidhamini kwa akiba yao yote. Geti nikaliweka pale pale njiani.

Kiangazi kikaingia, wapangaji hawajaingia. Asubuhi moja nikapigiwa simu niende. Nikakuta ndovu wamepita kwa njia yao, ile ya kwenda majini tangu enzi za babu zao. Geti limelala kama sahani ya bati. Vyumba vinne chini. Tangi wamelipasua, wamekunywa, wamekwenda zao. Hawakunionea, nyumba yangu ndiyo ilisimama barabarani.

Nawaambia, sikushtuka. Nilikaa tu chini, pale pale vumbini.

Dalali akaja mbio. "Mzee, usilie. Ngoja mvua, majani yakiota tunamuuzia mgeni wa Nairobi. Si hati ni safi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopimwa. Ningekubali kuuza, kwa siku moja akiba ya wadhamini wangu ingekuwa imeokoka. Halafu yule mgeni naye ana wadhamini wake. Nikasimama, nikapangusa vumbi.

"Toka kwa shamba langu. Ndovu wamenikanyaga, wewe hutanikanyaga!"

Nikauza lori. Lile lori lenyewe lililonitoa kwenye kokoto. Nikalipa chama hadi senti ya mwisho. Kisha nikamuuliza mchunga mbuzi, nikajenga tena, na wengi wenu mlicheka, niliwasikia. Safari hii kwenye kona, tangi nimelizika ardhini, njia nimeiacha wazi. Wakipita tunaangaliana tu. Vyumba vimejaa, na mkitaka chumba mtangoja.

Watu husema kununua ardhi ni kamari. Uongo! Kuthubutu ni kuuliza, ukasikia jibu baya, ukapima, ndipo ukaamua. Kubeti ni kukataa kuuliza kwa sababu bei imekunogea. Nyumba ya kwanza nilibeti. Ya pili nilithubutu, na ya tatu nitathubutu vilevile, anayetaka kunizuia asimame nimwone. Na shamba la tambarare, nendeni mkalione kiangazi, likiwa na njaa. Wakati wa mvua kila shamba ni zuri.

Wadhamini wangu, asanteni. Mmoja wenu alikuwa na karo ya mtoto kwenye ile akiba, na hakuja kunipigia kelele mlangoni. Alikuja na jembe tukaondoa kifusi pamoja. Mama watoto naye hajawahi kuniambia "nilikwambia." Anacheka tu peke yake jikoni, namsikia.

Sasa mnanong'ona huko nyuma mkitaka kujua ilinila ngapi. Simfichi mtu. Kuvunjiwa, kujenga upya, na hasara ya lori lililouzwa kwa haraka: shilingi milioni moja, laki mbili, elfu arobaini na saba na mia tano.